Kima Mwenye Sura ya Mkwe

Huku kwetu mvua inashuka kutoka mlima Rungwe kama mtu anayerudi kwake. Haibishi hodi. Inakaa, inavua viatu, na asubuhi ukifungua mlango unakuta migomba imesimama ndani ya ukungu kama watu waliokuja msibani wakakosa pa kukaa. Mimi nimeona mengi katika ukungu huo. Nimeona mbega akipita juu ya paa la kanisa, nimeona hondohondo watatu wamekaa kwenye mti ambao baadaye, jua lilipotoka, haukuwepo. Sisemi vyote vilikuwepo. Nasema nilivichora.

Kuchora nilianza na udongo. Mama yangu alikuwa fundi wa kupamba nyumba, maana zamani nyumba zetu za mianzi zilikandikwa, zikasuguliwa mpaka zikalainika, halafu zikapakwa udongo mweupe wa mtoni na mwekundu wa kwenye kingo za barabara. Mama alikuwa akipiga madoa kwa ncha za vidole, mistari kwa kiganja, ukitazama kwa mbali unadhani nyumba imevaa khanga. Mimi nikapewa ukuta wa nyuma, wa upande wa choo, ambao mgeni hauoni. Nikachora ndege. Mama akaja, akautazama, akasema, "Kuku wako hawa hawatagi. Kalime." Lakini hakufuta.

Shuleni niliishia darasa la tatu. Mwalimu alinichapa kwa sababu nilichora hondohondo kwenye daftari la hesabu. Hesabu nilikosa zote, hilo ni kweli, ila yule hondohondo alikuwa sahihi, hata mwalimu alimtazama sana kabla hajashika fimbo.

Nikaolewa upande wa Ikuti. Hapa lazima nieleze jambo, maana vijana wa siku hizi wanakaa meza moja na wakwe zao wanapakuliana wali, wanaweza wasinielewe. Kwetu Wanyakyusa wa wakati ule, mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Hamtazami kabisa. Akija njiani, wewe unatoka njiani, unachuchumaa kwenye majani, unajifunika khanga, unampa mgongo mpaka apite. Hamsalimiani. Jina lake hulitaji, na hata neno linalofanana na jina hilo unalikwepa, unatafuta njia nyingine ya kusema. Mpaka leo ninapoandika haya jina lake halimo kinywani mwangu. Ukivunja mwiko huo, watu watasema ng'ombe wamekauka maziwa kwa ajili yako, na tumbo lako halitashika mtoto, na ukimpata hutakaa naye.

Kwa hiyo nilimjua baba mkwe kwa miguu. Nilimjua kwa kukohoa. Picha yake iliyopigwa kwenye harusi ya binti yake ilitundikwa sebuleni, na kila nilipoingia kufagia mama mkwe aliigeuzia ukutani, nikitoka anaigeuza tena. Tamaa ya kuchungulia nilikuwa nayo, siwezi kudanganya. Binadamu ukiambiwa usitazame, shingo inawasha. Lakini sikuchungulia.

Sauti ndiyo niliyokuwa nayo. Jiko langu na zizi lake vilipakana, katikati ukuta wa mianzi tu, na baba mkwe alikuwa akikamua mwenyewe kila alfajiri. Alikuwa mtu wa msituni. Ujana wake wote alikata mianzi juu kule, akatega, akaweka mizinga ya nyuki, na wanyama wa mlima aliwajua kama mimi ninavyowajua majirani, kwa tabia zao mbaya. Sasa mtu wa namna hiyo akizeeka anataka kusimulia. Wanawe walikuwa wameshachoka kumsikiliza. Akawa anamsimulia ng'ombe.

"Tulia wewe," anamwambia. "Unanipiga mkia wa nini? Ngoja nikwambie mnyama mwenye mkia."

Na ng'ombe anatafuna, na mimi nyuma ya mianzi nimeshika mwiko, ugali unaungua.

"Kuna kima kule juu hapendi kabisa kushuka chini. Anatembea kwenye vilele vya miti kama mwenye nyumba. Nywele za kichwani zimesimama, kama mtu aliyeamshwa vibaya. Uso mweusi. Mashavu yana manyoya marefu, yanakwenda pembeni hivi. Akikutazama unaona aibu, unajiona wewe ndiye uliyeingia kwake bila hodi. Na kulia kwake sasa. Kima wengine wanalia kama kima. Huyu analia kama mbwa aliyemeza tarumbeta."

Alijua nipo. Mimi nilijua kwamba anajua. Siku nikichelewa kuwasha moto, alikuwa akikohoa tu na kukamua kimya, hadithi haianzi mpaka asikie kuni zinavunjwa.

Kima huyo ndiye kipunji. Baba mkwe alikuwa akiwatega, nisifiche, kwa sababu njaa ikiwazidi walikuwa wakishukia mahindi yetu ya pembezoni. Aliacha si kwa huruma. Magoti ndiyo yaliyomwachisha, mlima ulimshinda. Huruma ilikuja baadaye, ikakuta nafasi.

Basi yeye anasimulia, mimi nachukua kijiti cha mkaa nachora palepale ukutani kwa jiko. Moshi unafunika, wiki inayofuata nachora tena juu yake. Miaka ilivyokwenda ukuta ule ukawa mweusi kabisa na ndani ya weusi walikuwa wamejaa wanyama, mmoja juu ya mwingine, mbega, paa, paka pori, kinyonga mwenye pembe. Hakuna aliyewaona ila mimi. Nilikuwa nikipuliza moto nikiwasikia wanapumua. Wakati mwingine nilitoka na ndoo kwenda mtoni ukungu ukiwa mzito, nikawa nahisi wamenifuata, wananisindikiza pembeni ya migomba, na nikigeuka ni majani tu yanadondosha maji.

Kidogo kidogo nikajulikana. Nilichora kuta za watu waliooa. Nilichora njiwa kwenye banda la soda. Mwenye bucha mmoja pale Tukuyu aliniita nimchoree ng'ombe mlangoni, nikamchora ng'ombe wa baba mkwe, maana ndiye niliyemjua. Baada ya wiki mbili akaniita tena. "Mama, huyu ng'ombe wako anawatazama wateja," akasema. "Mtu anakuja kununua nyama, anaishia kununua mifupa, anaondoka kichwa chini. Naomba mpunguzie macho." Nikamfumba macho. Biashara ikarudi.

Ndipo wakaja watu wa uhifadhi. Walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, wamevaa mabuti, wakakusanya kijiji na kutuambia kwamba kipunji ni mnyama wa pekee. Wataalamu walikuwa hawamjui mpaka juzijuzi tu, na duniani kote yupo kwetu na msitu mmoja mwingine wa mbali, basi. Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Wamemgundua lini?" Wakamjibu. "Sisi tulikuwa tunagombana naye mahindi tangu enzi za babu," akasema yule mzee. "Mngeuliza." Watu wakacheka, na wale wageni nao wakacheka, walikuwa watu wazuri.

Walitaka picha yake kubwa kwenye ukuta wa ghala la kijiji, unaotazama njia ya kupandia msituni, ili kila mwenye panga akipita amwone. Wakaniletea rangi za kopo na brashi, na picha moja ya kuangalizia. Nikaigeuza hivi, nikaigeuza vile. Ilikuwa imepigwa kwa mbali, ndani ya ukungu. Majani mengi, na katikati kitu cheusi kama shuka iliyopeperuka ikanasa mtini. Nikawarudishia kwa heshima.

Nilimchora kwa sauti. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Nilipanda ngazi ya mianzi asubuhi, ukungu ukanifunika mimi na ukuta, njia sioni, ghala sioni, mbele yangu ni weupe tu, na ndani ya weupe ile sauti ya zizini ikaanza. Nywele zimesimama. Mashavu yanakwenda pembeni. Unaona aibu. Mkono ukawa unakwenda wenyewe. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya nne nilishuka nikiwa sijui kama nimekula. Uso ulikuwa umetoka, na nilipoutazama nikaona aibu, nikajua ndiye.

Jumapili jua likawaka. Watu walipotoka kanisani wakapita ghalani wakasimama. Mimi nimesimama pembeni na gauni la kanisani, nangoja kusifiwa, sitaficha.

Jirani yangu mmoja, mchuma chai, mwanamke wa masihara, akafunga mwavuli wake, akapiga goti kidogo mbele ya ukuta, akasema, "Mugonile, tata."

Ni salamu anayopewa baba. Watu waliangua kicheko mpaka mwenye mtoto akamshusha mtoto. Mimi nikacheka nao, sijui ninachocheka.

Wifi yangu hakucheka. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mtu wa kusimama wima. Alitazama ukuta, akanitazama mimi.

"Huyu ni baba," akasema.

"Ni kipunji, wifi."

"Nyusi za baba. Mdomo wa baba. Wifi, miaka yote hii ulikuwa unamchungulia baba yetu?"

Vicheko vikafa kimoja kimoja. Nikasema sijamtazama hata siku moja. Akasema, "Basi umemtoa wapi?" Hata kama ni kweli anafanana naye, mimi nilikuwa siwezi kujua. Kila mtu pale alikuwa anaona nilichokifanya isipokuwa mimi niliyekifanya.

Wifi akaanza kukumbuka. Akakumbuka ng'ombe wawili waliokufa mwaka mmoja. Akakumbuka ndizi zilizonyauka. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, ya mtu ambaye hesabu yake imetoka, "Na yule mtoto wako wa tatu."

Mtoto wangu wa tatu nilimzaa salama hospitali ya Igogwe, akaishi siku kumi na tisa. Nilikuwa nimekwisha kumlilia, nimekwisha kunyamaza. Nilishika ngazi.

Jioni ile mume wangu alikaa kizingitini akichezea kofia. Ni mtu mpole, alifanya kazi kiwanda cha chai miaka mingi, na kelele za mashine zilimfundisha kunyamaza.

"Ndugu zangu wanasema ukuta ukwanguliwe," akasema. "Na wewe ukae kwenu kwanza, mpaka baba aseme."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ni kima mzuri."

"Sikuulizi kima."

Akaikunja kofia. "Sijui," akasema. "Mke wangu, anafanana mno."

Nikafungasha. Kilichoniuma si kurudi kwetu, njia ya kwetu naijua. Kilichoniuma ni kwamba nikiondoka hivyo, basi mtoto yule nitakuwa nimemwua mimi. Ndivyo itakavyosimuliwa. Na wengine wangu wawili waliobaki, ambao tayari walikuwa na nyumba zao, watalisikia hilo na kuliweka moyoni.

Nilikwenda kwanza kwa mama mkwe. Alikuwa anamenya magimbi. Nikapiga magoti.

"Mama, niambie kweli. Anafanana?"

Mama mkwe aliweka kisu chini. Alikuwa amekwenda kuuona ukuta peke yake, wenzake walipokwisha kutawanyika. Akajaribu kujizuia, mabega yakaanza kutikisika, akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Mwanangu, nimelala na uso ule miaka hamsini," akasema. "Mpaka ule mdomo wa kukataa chakula. Ni yeye."

"Mimi sijawahi kumwona."

"Najua. Ningekuwa mimi niliyechorwa ningesema yaishe. Lakini si mimi niliyechorwa." Akachukua kisu tena. "Usiende kwenu leo. Nitamleta akaone mwenyewe."

Asubuhi yake ukungu ulirudi, mwepesi, kama maziwa yaliyotiwa maji. Mimi niliwahi ghalani, nikasimama uso ukiwa umeelekea ukutani, khanga kichwani, mbele yangu miguu ya kima. Nikawasikia wanakuja. Nyayo nyingi, na fimbo moja. Kigoda kikawekwa. Baba mkwe akakaa, akakohoa kile kikohozi ambacho nilikisikia kila alfajiri tangu nilipoolewa.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati. Nilisoma ukuta wote, kila tundu la msumari. Nikaona pale nilipoacha tone la rangi. Nikawaza, akisema ukwanguliwe, nitaukwangua mwenyewe, nisimwachie mtu panga.

Ndipo akasema, hakuniambia mimi, alimwambia mkewe: "Mnyama huyo ana macho mangapi?"

"Mawili," mama mkwe akajibu.

"Yote mazima?"

"Yote mazima, yanang'aa."

"Na mimi?"

Nikasikia nyayo zinarudi nyuma.

"Semeni, mbona jana mlikuwa na maneno."

"Moja, baba," wifi akasema.

Hapo ndipo nilipojua. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, kibanzi cha mwanzi kiliruka kikamwingia kabla mimi sijaolewa, likabaki jeupe kama yai. Kijiji kizima kilijua. Hakuna aliyewahi kunitajia, kwa maana nani atamtajia mkamwana habari za uso wa mkwewe. Baadaye nilimuuliza mume wangu, mbona hukuniambia? Akasema hukuuliza. Nikasema ningeulizaje? Akafikiri, akakubali.

"Mtu amenichungulia miaka yote hii," baba mkwe akaendelea, polepole, kama anakamua, "akaona nyusi, akaona mdomo, jicho jeupe kama taa hili hakuliona. Huyo ni mchunguliaji wa namna gani?"

Mtu mmoja akacheka puani. Yule mchuma chai, nadhani.

"Mimi nilimwambia ng'ombe. Kama huyu amesikia, amesikia ya ng'ombe. Sijawahi kutazamwa na mtu huyu." Fimbo ikagonga chini mara moja. "Na wewe binti yangu. Mtoto yule alikufa kwa homa. Kaburi lake nilichimba mimi. Usimtaje tena kwa jambo la ukuta."

Wifi akasema, "Ndiyo, baba." Mimi khanga yangu ilikuwa imelowa usoni, na mvua ilikuwa haijaanza.

Nikadhani ataondoka. Kigoda hakikutoka mahali pake.

"Mwambie mkia ni wa mbega," akamwambia mkewe.

"Anasema mkia ni wa mbega," mama mkwe akaniambia, na mimi nimesimama hatua tano.

Ni kweli. Mkia wa mbega na kishungi chake cheupe nilikuwa nimeuona kwenye ngozi za wacheza ngoma, mkono ukazoea, ukaweka kishungi hata pasipohusika. Nikapanda ngazi. Nikafungua kopo la rangi nyeupe na la kahawia.

"Mwambie kishungi atoe. Mkia wenyewe ni mrefu kumpita mnyama."

"Anasema kishungi toa. Mrefu kumpita mnyama."

"Juu ni rangi ya mwili. Kuanzia katikati unakuwa mweupe, lakini si mweupe wa chokaa. Mweupe wa nguo iliyofuliwa mtoni."

Mama mkwe aliyarudia yote, akapunguza, akachoka, mwisho akabaki anaitikia tu. Watu wakaanza kwenda mashambani mmoja mmoja. Na yule mzee akaendelea kusema, hakuna anayerudia tena, wala ng'ombe hayupo. Chini kidogo. Hapo. Ukunje, anaukunja akikaa. Sasa mwache anenepe kidogo, kabla ya mvua wananenepa. Mkono wangu ulifuata. Ukungu ulikuwa umepanda tena mpaka magotini mwa ngazi, sikuona ardhi, nikawa kama nimekaa naye juu kule kwenye vilele, sisi na yule mnyama, na chini hakuna kijiji, hakuna ghala, majani tu na maji. Sijui ilikuwa saa ngapi. Aliniambia habari za mti wanamolala, na jike mmoja mwenye kidole kilichokatika ambaye alimwona miaka saba mfululizo, na kwamba siku ya kwanza alipousikia mlio wao alikimbia akaacha shoka. Hiyo hata ng'ombe hakuwahi kuambiwa.

"Inatosha," akasema. "Mvua inakuja."

Sikugeuka. Nilisikia kigoda kinanyanyuliwa, fimbo, nyayo za wawili zinashuka njia. Nilibaki nimeutazama mkia mpaka mume wangu aliposhika ngazi kwa chini akasema, "Ameshapita kona. Shuka."

Nikashuka. Wifi alikuwa hajaondoka, amesimama kwenye upenu na mikono kifuani. Hakunitazama. Aliinama akafunika makopo ya rangi, akayatia kwenye ndoo pamoja na brashi, akajitwika, na akatangulia kwenye ile njia ya migombani inayokwenda kwangu.